Wa Mwisho Kufika, wa Kwanza Kuondoka

Mheshimiwa msomaji, pamoja na waheshimiwa wengine wote mnaochungulia ukurasa huu begani kwake, itifaki imezingatiwa.

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo naomba asitokee mtu akasema nimemsema yeye. Mimi ni Chande, mshehereshaji wa Jiji la Madaha. Ndimi ninayeshika kipaza sauti na kuwaambia watu lini wasimame, lini wapige makofi na lini waache. Kazi hii nimeifanya tangu ujana wangu, na nimeifanya kwa moyo mweupe. Leo nasimulia habari za Mheshimiwa Faraji Lukumbo, mbunge wetu wa miaka mingi na baadaye meya wetu wa miaka mingi vilevile, kiongozi ambaye hakukosa sherehe hata moja wala hakuiona sherehe hata moja.

Aliingia Bunge la Jimbo akiwa kijana mwenye nywele nyingi. Wakati huo wabunge wetu walikuwa wamekwisha kutunga sheria zote zilizohitajika, wakawa wanatunga zile zisizohitajika. Mheshimiwa Faraji akaona pengo. Aliona kwamba wananchi walikuwa wakioana, wakizikana na kufungua visima ovyo ovyo tu, bila kiongozi kuwapo. Akasimama, akakohoa kidogo kama ilivyo desturi, akasema:

“Mheshimiwa Spika, taifa linaloweza kufurahi bila kiongozi ni taifa lililo hatarini! Na taifa linaloweza kulia bila kiongozi, hilo, Mheshimiwa Spika, ndilo limekwisha kabisa!”

Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika mguu, ikaundwa kamati ya kuichunguza. Katika vumbi hilo ikapita Sheria ya Mgeni Rasmi. Kuanzia siku hiyo shughuli yoyote, iwe ya furaha au ya majonzi, ikawa batili bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi atafika wa mwisho, watu wote wakiwa wamekwisha kukaa. Ataketi peke yake kwenye Kiti Kikuu, mahali ambapo mkono wa mtu haumfikii. Atahutubia. Kisha ataondoka wa kwanza, na asiinuke mtu kabla yake. Chakula kitaliwa akishaondoka. Cha kwake kitafungwa kwenye foili na kutangulizwa garini.

Kiti Kikuu chenyewe kilikuwa cha mahameli nyekundu, chenye mashada ya dhahabu isiyo dhahabu. Kilikuwa na gari lake, dereva wake na blanketi lake la kukikinga na vumbi.

Hakutunga sheria nyingine tena, na wala hatukumdai. Alichaguliwa tena na tena, kwa njia halali kabisa. Tume ya Uchaguzi ilipotaka kuwafundisha wananchi namna ya kupiga kura, ilibandika kila mahali karatasi ya mfano yenye jina la Faraji Lukumbo na alama ya vema pembeni yake. Wananchi wetu ni watiifu, wakafuata mfano. Wapinzani walipolalamika waliambiwa kwamba hata wao hawajakatazwa kuufuata.

Umeya aliupata bila kuutaka. Meya aliyemtangulia alialikwa kuzindua soko jipya pamoja na Gavana, na kwa kuwa mkubwa ndiye anayefika mwisho, kila mmoja alijibanza kwenye kona ya mtaa akimsubiri mwenzake atangulie. Gavana alikuwa na dereva mvumilivu zaidi. Meya alikaa konani mpaka majani yakaota kwenye matairi, Baraza la Jiji likatangaza kwamba nafasi iko wazi, na Mheshimiwa Faraji, aliyekuwa akipita tu kuelekea harusini, akaapishwa palepale barabarani. Soko lile halijazinduliwa hadi leo. Akina mama wanauzia nje, mlangoni, huku wakilisifu kwa uzuri wake.

Sasa niseme habari za nyumbani kwake, maana mimi nilikuwa nikikaa kwenye kona ya sebule mpaka niambiwe asante. Alikuwa na mke, Mama Tunu, na binti yao mmoja, Tunu mwenyewe. Mama Tunu alihudhuria shughuli zilezile alizohudhuria mumewe, ila hakuketi naye, sheria haikuruhusu. Yeye alikaa jikoni na wanawake wenzake, akimenya vitunguu, akichambua mchele, akicheka kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kipaza sauti changu. Mumewe akishaondoka, ndipo shughuli ilipoanza.

Basi Mheshimiwa alikuwa akirudi peke yake, anavua joho na mkufu wa umeya, anakaa. Foili yake hakuifungua. Alikuwa akimsubiri mkewe. Mama Tunu angeingia baadaye sana, khanga inanuka moshi, uso unang'aa kwa jasho na kicheko, na kabla hajavua viatu mumewe angemwuliza swali lilelile:

“Haya, niambie. Mwisho ulikuwaje?”

“Uuh, Baba Tunu, umekosa! Bwana harusi kaambiwa acheze na mama mkwe, si kalikanyaga shela la bibi harusi! Likachanika hivi! Mama mtu akataka kuzimia, tukampepea kwa sinia.”

“Halafu?”

“Halafu dada Siwema kaepua lile sufuria kubwa. Tukaukwangua ukoko kwa mwiko, tunagombania kama watoto. Ule wa pembeni, uliokolea mafuta. Mwisho ndio utamu, mume wangu.”

“Hebu nieleze ladha yake.”

“Hausimuliki huo. Unaliwa palepale, sufuria ingali ya moto, na wenzako wanakunyang'anya.”

Siku moja alimletea kipande, amekifunga kwenye pindo la khanga. Kilikuwa kimepoa na kuwa kigumu. Mheshimiwa alikitafuna kwa heshima zote, akasema ni kitamu, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini. “Wa kubeba si ukoko, Baba Tunu. Huo ni wali ulioungua tu.” Hapo Mheshimiwa alitazama dirishani, na mimi nikamhurumia, nasema kweli. Mtu aliyekata tepe zote za nchi alikuwa akizijua harusi za mji wake kwa kusimuliwa.

Kisha Mama Tunu akaugua. Akalazwa, na mumewe akataka kwenda kumwona, lakini meya haendi kumwona mtu hivi hivi. Utepe ulifungwa mlangoni mwa wodi. Wagonjwa wote waliinuliwa wakaketi, na wale wasioweza kuketi waliegemezwa mito. Mheshimiwa alikata utepe, akakabidhi sabuni na sukari, akapigwa picha akiwa ameshika mkono wa mkewe, halafu mpiga picha akasema mwanga ulikuwa mbaya, washikane tena.

Wakati mpiga picha akibadilisha betri, Mama Tunu akamvuta karibu. Nilisikia kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu, kipaza sauti mkononi, nimekizima.

“Baba Tunu, nikuombe jambo.”

“Omba chochote. Nataka kukupeleka ng'ambo, madaktari wa...”

“Sitaki ng'ambo. Siku yangu ikifika, usije wa mwisho. Na usiondoke wa kwanza. Hilo tu.”

“Nakuahidi.”

“Usiniahidi kama unavyoahidi barabara.”

“Mama Tunu,” akasema, “nakuahidi kama mimi.”

Nikatangaza kwamba ziara imekamilika. Sikuwa na la kufanya, betri ilikuwa imekwisha kubadilishwa.

Mama Tunu alifariki alfajiri moja, na mwili ukapelekwa nyumbani kwao, Mikorosheni, pembezoni mwa jiji, ambako wazee wake wote wamezikwa nyuma ya nyumba. Sasa sikieni jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: Mheshimiwa alifika wa kwanza. Alikwenda kwa miguu, bila msafara, kamba ya kiatu kimoja haijafungwa, akakaa kwenye jamvi kando ya mkewe kabla hata turubai halijafika. Shemeji yake, Bi. Siwema, alimpa chai ya tangawizi kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Akainywa. Tunu akaja kuegemea bega lake.

Ndipo ikaingia Kamati ya Itifaki, ikiongozwa na Naibu Meya Ndembo, mtu wa sauti laini ambaye hajapata kukosea jambo lililoandikwa.

“Mheshimiwa, pole sana,” Ndembo akasema. “Lakini uko hapa.”

“Niko hapa, ndiyo. Huyu ni mke wangu.”

“Hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba mgeni rasmi hawezi kuwapo kabla hajafika.”

“Basi mtafuteni mgeni rasmi mwingine.”

“Tumetafakari sana, Mheshimiwa. Msiba wa mke wa meya unastahili meya.”

“Basi najiuzulu. Sasa hivi. Ndembo, chukua umeya wewe.”

Macho ya Ndembo yaling'aa, kisha yakafifia. “Kujiuzulu ni shughuli, Mheshimiwa. Bila mgeni rasmi ni batili. Na mgeni rasmi wa shughuli za Jiji ni wewe. Ungetakiwa ufike wa mwisho, na kwa bahati mbaya tayari upo.”

“Na asipokuwapo mgeni rasmi kabisa?”

“Basi Mama hatazikika. Ni sheria yako, Mheshimiwa. Ni sheria nzuri sana.”

Mheshimiwa alimtazama mkewe. Kisha akaweka kikombe chini taratibu, akasimama.

“Baba, unakwenda wapi?” Tunu akauliza.

“Naambiwa nikafike, mwanangu.”

Tunu alilivuta jamvi pale alipokuwa amekaa baba yake, akalinyoosha, kama mtu anayefuta.

Tulimvika joho, tukampandisha garini, tukaenda kuuzunguka Mnara wa katikati ya jiji. Kanuni inasema msafara usitie mguu mpaka mtu wa mwisho awe ameketi, na watu waliendelea kumiminika Mikorosheni, kwa sababu kila aliyeuona msafara ukizunguka alijua bado hajachelewa. Redio ya askari ilikuwa inasema, “Bado wanaingia.” Tukazunguka. Mama mmoja muuza karanga pale kando alitupungia mkono kwa shangwe. Tulipopita tena akatupungia kidogo. Baadaye akaacha, akatuchukulia kuwa sehemu ya mnara.

“Chande,” Mheshimiwa akaniita. “Nataka kushuka.”

“Mheshimiwa, hujafika.”

“Nilikuwa nimefika.”

Nikajifanya narekebisha waya. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha nyuma kilichoweza kuchukua watu watatu, ameshika foili ya chakula cha msiba wa mkewe, tayari imetangulizwa. Nimeona watu wengi wapweke katika kazi hii, hasa wageni rasmi. Lakini mpweke wa namna ile sikuwa nimemwona.

Tulifika wakati jua limekwisha kupita utosini. Nikatangaza, watu wakasimama. Tunu hakusimama, na askari wakajifanya hawakumwona. Mheshimiwa akaketi kwenye Kiti Kikuu, mbali, peke yake, jeneza likiwa upande wa pili wa kaburi. Nikamkaribisha ahutubie, na Naibu akampa hotuba iliyoandaliwa na Ofisi ya Meya, ileile inayotumika kwa misiba yote, nafasi ya jina ikiwa imejazwa.

“Ndugu wananchi,” akasoma, “nimepokea kwa mshtuko habari za kifo cha... cha Mama Tunu. Marehemu alikuwa mchapakazi na mlipa kodi mzuri. Kwa niaba ya Jiji, na kwa niaba yangu binafsi, natoa pole kwa mgane wa marehemu, popote alipo.”

Akainua macho, akatazama huku na huku kwenye lile kundi la watu, kana kwamba kweli anamtafuta. Watu nao wakageuka kutazama. Mzee mmoja akanyoosha shingo kuangalia nyuma ya mkorosho.

Hakumalizia hotuba. Aliiweka kitini. Akavua mkufu wa umeya, akautundika kwenye mgongo wa kiti. Akavua joho, akalitandika juu yake. Kisha akapita katikati ya askari, akaenda kaburini, na jeneza lilipoteremshwa aliinama akatia udongo kwa mikono yake miwili, mara nyingi kuliko desturi. Kaburi lilipofukiwa akakaa chini, kwenye udongo ule mbichi, suruali yake nzuri ikilowa unyevu wa ardhi.

Tulingoja aondoke, ili na wengine waondoke. Hakuondoka.

Mimi nikasema kwenye kipaza sauti, “Sasa mgeni rasmi ataondoka.” Sikuona dalili. Nikasema tena kwa unyenyekevu zaidi. Watu walikuwa kwenye jua, wamekaa wima kama sheria inavyotaka. Watoto wachanga walilia, na wazee wakaanza kushika viuno. Kutoka jikoni Bi. Siwema akapaza sauti: “Jamani, wali unashika chini huku! Mnakula au hamli?” Lakini nani angeinuka?

Naibu Meya akamsogelea, akachuchumaa. “Mheshimiwa, watu wanakusubiri uende.”

“Na waende wao.”

“Hawawezi kabla ya mgeni rasmi.”

“Mimi si mgeni hapa, Ndembo,” akasema kwa utulivu. “Nimefiwa.”

Ndembo akarudi kwa kamati yake. Walinong'ona, wakatikisa vichwa, wakatazama kaburini, wakatazama kitini. Pale kwenye kiti kulikuwa na joho, mkufu na hotuba. Nikaona uso wa Ndembo unafunguka taratibu, kama wa mtu aliyetatua hesabu ngumu. Akaja kwangu, akaninong'oneza. Nami, mheshimiwa msomaji, nikatangaza kama nilivyoambiwa:

“Wananchi, tusimame kwa heshima. Mheshimiwa Meya anaondoka!”

Askari wanne wakakiinua Kiti Kikuu. Joho lilipepea kidogo, mkufu ukalia. Watu wakasimama, wakapiga makofi kwa nafuu isiyo kifani, na bibi mmoja akapiga hata kigelegele kabla hajakumbuka kwamba ni msiba. Kiti kikapakiwa nyuma ya gari la meya, mlango ukafungwa kwa adabu, ving'ora vikalia, na msafara mzima ukatimua vumbi kurudi mjini. Hakuna aliyetazama nyuma.

Tangu siku hiyo Kiti ndicho meya wetu. Sisemi kwa ubaya. Kinafika kwa wakati, hotuba zake ni fupi, na hakijapata kuahidi barabara. Uchaguzi uliofuata kilishinda kwa kura nyingi, maana Tume ilibandika mfano mpya. Nasikia sasa kuna watu wanataka kigombee ugavana, na Gavana ana wasiwasi.

Lakini siku ile mimi sikuondoka na msafara, kwa sababu nilikuwa na waya wa kukunja. Kwa hiyo niliuona mwisho.

Watu walikula haraka haraka, wakaaga, wakaenda. Hapakuwa na aliyemsogelea Mheshimiwa. Walikuwa wamezoea mno kukaa mbali naye, hawakujua mtu anamsogeleaje. Waliokodisha turubai walilishusha. Wanawake wawili waligombania mfuniko wa sufuria, kila mmoja akiapa ni wake, mpaka ikabainika ni wa jirani ambaye hakuja. Mzee mmoja alikuwa akitafuta kiatu chake cha kushoto, akaondoka na cha mtu mwingine. Mheshimiwa alikuwa amehama kutoka kaburini akakaa kwenye gogo karibu na jiko, akitazama yote hayo kwa macho makubwa, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayekariri.

“Shemeji,” Bi. Siwema akamwambia, “sogeza miguu, naepua.”

Akasogeza miguu. Kwa kuwa wali ulikaa motoni kupita kiasi wakati tukimsubiri, ukoko ulikuwa mnene, wa rangi ya asali, na ulitoka kwa vipande vikubwa. Tunu alikwangua, mashangazi wakagombania, mmoja akamchapa mwenzake mkono. Kisha Tunu akachukua kipande cha pembeni, kilichokolea mafuta, akakiweka kwenye mfuniko, akampa baba yake bila kumtazama usoni.

“Kula, baba. Kingali cha moto.”

Akauma. Kikalia kinywani. Akafumba macho, akatafuna polepole, na nikaona machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Halafu, kinywa kikiwa bado kimejaa, aligeuka haraka upande wa kulia kwake, kama mtu mwenye jambo la kumwambia mwenzake.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mwiko tu umeegemezwa kwenye gogo.

Alikaa vile, ameinamia upande ule, kwa muda ambao sote tuliona haya kumtazama. Kisha akasimama, akachukua mfuniko wake wenye ukoko uliobaki, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata hatua chache kisha nikasimama, maana kipaza sauti nilikuwa nimekwisha kukifunga na sikujua bila hicho mimi ni nani pale. Tunu alinipita, lakini naye akasimama penye kona ya ukuta.

Mheshimiwa aliketi kwenye udongo, akaweka mfuniko kati yake na kaburi, akasafisha koo kwa mazoea ya miaka mingi. Lakini sauti iliyotoka haikuwa ile tunayoijua.

“Haya, Mama Tunu,” akasema. “Nimekaa mpaka mwisho. Ngoja nikwambie ulikuwaje.”